Laini ya Bi Mwanakombo

Auleria alikuwa amechoka tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado haijaisha. Tena haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyezoea kupiga taipu kwenye ofisi ya shirika la umma, chai saa nne, mshahara mwisho wa mwezi, halafu siku moja akaambiwa shirika limepata mwekezaji, ahsanteni kwa utumishi wenu, chukueni kiinua mgongo mkajiajiri. Kujiajiri! Neno tamu hilo likisemwa redioni. Wenzake waliofuga kuku wa kisasa walipigwa na kideri, banda likabaki la kufugia panya. Waliokwenda Dubai kuleta vitenge walikuta nusu ya mji imeshakwenda Dubai kuleta vitenge. Yeye alifungua steshenari Temeke Mikoroshini, katika fremu ya mbele ya nyumba ya Bi Mwanakombo. Alipiga chapa, akatoa fotokopi, akapeleka faksi, na ilipoingia intaneti mjini akaongeza na barua pepe.

Hiyo barua pepe ndiyo iliyomzeesha. Alikuwa na kompyuta tatu na laini moja ya simu, na laini yenyewe mbovu. Watu watatu wakikaa kwa pamoja, zote tatu zinanyonya titi moja, na titi lenyewe halina maziwa. Barua yenye picha ya harusi ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Mvua ikinyesha, waya kule nguzoni ulilowa, laini ikaanza kukoroma, mawasiliano yakakatika, na mteja akageuka kumtazama Auleria utadhani yeye ndiye aliyeileta mvua. Aliomba laini ya pili. Akaambiwa asubiri, nafasi hazijapatikana. Akasubiri hadi akasahau kama anasubiri.

Ndipo Brightson, fundi wake wa kompyuta, kijana mwenye maneno mengi kuliko vifaa, alipomletea kisanduku cha kijivu chenye matundu nyuma.

"Sista Auleria, hiki ni kiboko. Unachomeka laini mbili. Moja ikizidiwa, chenyewe kinapiga ya pili, kinagawa mzigo. Huyu anapita huku, yule anapita kule. Mteja hata hajui kapita wapi."

"Laini ya pili niitoe wapi, Brightson? Niizae?"

Brightson akanyoosha bisibisi kuelekea ukutani.

Nyuma ya ukuta ule ndipo alipokaa mwenye nyumba, Bi Mwanakombo, na mumewe Mzee Mfaume, mstaafu wa bandarini. Mzee alivutiwa simu zama zile ambazo mwenye simu alikuwa mtu mzito, mtaa mzima unakuja kwake kupokea habari. Sasa ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inalia kwa nadra. Auleria alikwenda kuomba huku miguu inamwia mizito, maana kuomba hakujawahi kumwingia damuni. Bi Mwanakombo alimsikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Yote hayo ni kuniomba waya? Chukua, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mie simu yangu ina kazi moja tu. Twaha akipiga, anipate. Ukinikosesha Twaha tutagombana, nakwambia kweli."

Twaha alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka kwenda Oman kabla Auleria hajahamia Mikoroshini, akawa dereva wa malori, leo Sohar, kesho Salalah, hana anwani wala namba. Mama yake hakuwa na njia ya kumpata. Alikuwa anapiga yeye, kwenye vibanda vya simu vya barabarani, akijisikia na akibahatika, na mara nyingi siku ya Ijumaa baada ya swala. Basi wakapatana. Ijumaa mchana laini ni ya nyumba. Siku nyingine ni ya duka, ila Bi Mwanakombo akiitaka atagonga ukuta kwa mchi, na Auleria atachomoa waya hapo hapo. Brightson akatoboa tundu ukutani, akapitisha waya, akamwekea Auleria na mkono wa simu dukani, ili laini ile ikilia isikike huku na kule.

Na kweli, kisanduku kilifanya kazi. Laini mbili hafifu zikawa moja ya kuvumilika. Wateja walirudi, wakaleta na wenzao. Auleria akaanza kulala usiku bila kuhesabu dari.

Halafu Mzee Mfaume akafa.

Alipandwa na presha akiwa anatoa viatu msikitini, akafikishwa hospitali ameshanyamaza, na kabla jua halijazama alikuwa ameshazikwa. Auleria, Mhaya wa Kanyigo, aliyezoea misiba ya kwao ya kungoja ndugu wafike kutoka pande zote, hakuamini jinsi mtu alivyoweza kuwapo asubuhi na jioni asiwepo kabisa. Alifunga duka, akabeba maji, akamenya vitunguu na kina mama hadi macho yakamvimba, na si kwa vitunguu peke yake. Yule mzee alikuwa akimwita "meneja".

Bi Mwanakombo akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, hakuna kutoka, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kujikalisha barazani na kucheka na wapita njia. Mdogo wake, Somoe, akahamia pale kumtunza. Na habari ya kifo ikabaki na kazi moja ambayo haijafanywa. Twaha hakujua.

"Hakuna atakayemwambia ila mie," Bi Mwanakombo aliwaambia wote, na alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala. "Wenye jamaa Maskati, waambieni wakimwona wamwambie apige nyumbani. Basi. Asifumbuliwe kitu. Mtu hapigwi na habari ya baba yake akiwa kasimama njiani. Anakalishwa kwanza, anashikwa mkono. Mkono wangu haufiki huko, lakini sauti inafika."

Auleria aliyasikia maneno hayo yakamwingia hadi kwenye mfupa. Yeye mwenyewe habari ya mama yake ilimkuta ofisini, kwa simu ya maandishi kutoka Bukoba, na tarishi aliisoma kwa sauti pale mlangoni akidhani ni mambo ya kikazi. Wenzake wote walisikia kabla yeye hajaelewa. Hakuwahi kumsamehe yule tarishi, ingawa alikuwa mzee wa watu na alimwomba radhi akilia.

Tatizo la laini likawa jingine. Msiba ulikuwa umeiamsha ile simu. Wanaume waliosoma na marehemu, waliofanya naye kazi, waliomjua kwa mbali na waliotaka tu kujua nyumba itauzwa, wote walipiga. Somoe akaja dukani kakasirika.

"Auleria bibi ee, dada yangu yuko eda, halafu majianaume yanamtaka simuni kutwa! Sie kwetu mjane wa eda hasemezani na wanaume ovyo. Hii simu ikilia pokea wewe. Mwanamume yeyote, mwambie yuko eda, achukue hamsini zake. Chuja!"

"Nitachuja, Somoe. Usiwe na wasiwasi."

Na alichuja. Alichuja kwa bidii ile ile aliyokuwa akiwachujia wakubwa zake wageni wasio na miadi. Mwanamume akipiga alijibiwa kwa sentensi mbili, na simu inarudi mahali pake. Kama kuna kazi Auleria aliyoijua duniani, ni hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, joto la kutoa mtu jasho akiwa amekaa. Mashine ya fotokopi ilikuwa imemeza karatasi na kugoma kutapika. Mwalimu Revelian wa sekondari, mtu aliyeomba nafasi za masomo Ulaya kila mwezi na kukataliwa kila mwezi, alikuwa amemsimamia kichwani akitaka kujua kwa nini barua yake haijajibiwa, kana kwamba Auleria ndiye chuo. Wateja wengine walikuwa hawajaja bado, kisanduku kilikuwa kinatumia laini moja tu. Ile ya pili ikalia. Auleria akaikwapua, mikono imejaa wino mweusi.

"Haloo!"

Ikaja sauti ya kiume, taratibu: "Haloo. Naomba Bi Mwanakombo."

"Hapatikani."

"Ametoka?"

"Hajatoka, kaka. Yuko eda, haongei na wanaume."

"Eda?"

"Eda, ndiyo. Eda huijui? Mzee Mfaume si amefariki! Mikoroshini nzima imekuja kuzika hapa, wewe ulikuwa wapi? Kama una ujumbe niachie, nina wateja."

Kilichokuja ni sauti yake mwenyewe, nyembamba, imechelewa, ikimrudia kutoka mbali kwenye ule mkono wa simu: nina wateja. Ndivyo zilivyokuwa simu za ng'ambo siku zile, unasema neno, linakwenda linakogonga, linakurudia.

"Ahsante, dada," ile sauti ikasema. Simu ikakatika.

Auleria alibaki ameishika. Mwalimu Revelian alikuwa bado anasema. Mdomo wake ulikwenda juu na chini, lakini Auleria hakusikia kitu. Yesu na Maria, Twaha! Wewe ulikuwa wapi. Alimuuliza mtoto wa watu ulikuwa wapi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na walisema kwa sababu walijikwaa. Kuchuja kote kule, na aliyemchuja ni yule mmoja ambaye eda haikumhusu, aliyekuwa na haki ya kuongea na yule mama kuliko mtu mwingine yeyote chini ya jua. Kwa nini hakusema "naomba mama"? Lakini angesemaje mama, amepokelewa na sauti ya mwanamke asiyemjua, mkali kama karani wa mahakama? Alifanya adabu. Adabu yake ikamponza.

Alifunga duka mchana kweupe. Akazunguka uani, akapiga hodi, akavua viatu. Alikuwa amekata shauri kusema. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi mkekani, kanga zake za kufifia, tasbihi mkononi, uso umepungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekunja uso? Wateja wamekuudhi?"

"Mama, ile simu iliyolia..."

"Niliisikia nikiwa kwenye swala. Nani, wale wale?"

Auleria akafungua mdomo. Na Bi Mwanakombo, aliyekuwa hana wa kuzungumza naye tangu alfajiri, akaendelea bila kungoja.

"Nakaa hapa nayapanga maneno, Auleria. Utanicheka. Nitaanza na habari za mtaa, nani kaoa, nani kajenga. Halafu nitamuuliza kama kala. Halafu nitamuuliza yuko na nani, amwite mwenzake asogee. Ndiyo nitamwambia baba yako presha ilimsumbua. Nitamwacha hapo kidogo, aelewe mwenyewe. Mtoto akielewa mwenyewe haumii kama akitupiwa. Mfaume kamwacha mwanawe bila kuonana, mie mama yake nisiweze hata kumpunguzia hili? Ndiyo kitu kimoja kilichonibakia cha kumfanyia."

Auleria akafunga mdomo. Akanywa chai aliyopewa, hakuisikia ladha, akaaga. Kwa mara ya kwanza maishani alimuelewa yule tarishi wa ofisini, na kumuelewa kule hakukumsaidia kitu.

Aliporudi dukani akafanya alichoweza. Akachomoa laini ya Bi Mwanakombo kwenye kisanduku, akaiacha wazi mchana kutwa, siku zote, ili Twaha akipiga tena asijibiwe kwa milio ya shughuli, ile ya laini inayotumika. Kama atapiga tena. Angepiga tena kwa nini? Aliyetaka kuujua ukweli ameshatupiwa usoni, akaulizwa na alikokuwa. Kila simu ilipolia Auleria aliruka. Alikuwa mara mtu wa bima, mara mtu aliyekosea namba, mara mjomba wa marehemu wa Kimbiji anayeuliza kama vile vyandarua vya mzee bado vipo.

Duka likarudi kwenye kukoroma. Kompyuta tatu, laini moja. Watu walikaa mbele ya vioo vitupu wakipiga miayo, wakaondoka. Brightson alipita, akakitazama kisanduku.

"Sista, umekula nini? Mashine ya kugawa mzigo umeiachia mzigo wote upande mmoja! Si bora ungeninunulia soda?"

"Niache, Brightson. Nimechoka."

"Umechoka nini na duka tupu?"

Uchovu wa duka lililojaa aliujua, huo hauna shida, unaoga unalala. Huu wa sasa ulikuwa unaamka naye, unakaa naye, unamwangalia akila. Jumapili kanisani alishindwa kupokea komunyo. Padri angemwambia nenda ukaseme, na yeye alijua angekwenda hadi pale mkekani, afungue mdomo, aufunge tena.

Ajabu, aliyemrudisha kazini ni Bi Mwanakombo mwenyewe. Somoe alikuwa ameshamweleza duka linavyolala. Akamwita Auleria, akamgombeza.

"Kwa nini umeuchomoa waya wangu? Unanionea huruma mie? Mie nimefiwa, wewe hujafiwa. Ukishindwa kodi, nimlete nani kwenye fremu, muuza mkaa? Urudishe. Twaha asipopata leo atapata kesho, ni mwanangu yule, namjua, ana kichwa kigumu cha baba yake. Urudishe, nasema."

"Lakini mama, akipiga wakati..."

"Auleria, usinizeeshe."

Akaurudisha. Ilikuwa Alhamisi, na ile Alhamisi ndiyo siku ya mwisho Mwalimu Revelian kutuma maombi yake, safari hii pamoja na vyeti vyote vimepigwa picha, mafaili manene kama mikate ya ajemi. Kisanduku kikaziita laini zote mbili. Taa zikawaka pande zote, mwalimu akakaa mbele ya kioo mikono magotini, anaomba kimoyomoyo. Auleria aliyaangalia yale mataa yakipepesa. Kila laini ya Bi Mwanakombo ilipopepesa, alijua kule Oman mtu akipiga anajibiwa kwa milio ya shughuli.

Alasiri, laini ile ikakatika yenyewe. Si ajabu, ilikuwa kawaida yake, kisanduku hupumua kidogo kisha kinapiga upya. Na katika ule mpumuo, simu ikalia.

Auleria hakuwaza. Mkono mmoja ulikwapua simu, wa pili ukang'oa waya nyuma ya kisanduku, maana kile kikianza kupiga kingeingiza mlio wake wa paka aliyekanyagwa na kumkata mtu.

"Haloo?" alisema, na safari hii aliisema polepole.

"Dada, habari za kazi. Ni wewe uliyepokea siku ile?"

Auleria akakaa juu ya katoni ya karatasi.

"Ni mimi. Kaka Twaha, nisamehe. Sikukujua. Nimekukosea vibaya mno, tangu siku ile mimi sina..."

"Dada, kadi inakwisha. Nisikilize. Mama anajua kwamba nimeshajua?"

"Hajui." Machozi yakaanza kumtoka na hakuyafuta. "Nimeshindwa kumwambia. Anakungoja wewe. Alitaka akwambie mwenyewe, kayapanga maneno yote."

Ng'ambo ya pili kulisikika magari makubwa yakipita, na mtu akivuta pumzi.

"Nilijua tu," Twaha akasema. "Mama yangu huyo. Basi usimwambie. Mimi nimeshalia, wenzangu huku wamenisomea hitima, nimeshatulia kidogo. Niitie mama anipe habari."

"Kaka..."

"Mimi sijui kitu, dada. Sijawahi kupiga. Niitie."

Auleria akagonga ukuta kwa ngumi hadi chokaa ikadondoka. "Mama! Simu! Twaha!" Akasikia upande wa pili kitu kikianguka, kandambili zikiburuzika, Somoe akipiga kelele, kisha mkono wa simu ya kabatini ukiinuliwa. Akaurudisha wa kwake taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga.

"Dada Auleria!" Mwalimu Revelian alikuwa amesimama. "Imekatika! Ilikuwa imebakia kidogo!"

"Najua."

"Sasa si urudishe huo waya!"

"Siurudishi. Itapita kwa laini iliyobaki, polepole. Kaa chini, Mwalimu."

"Leo ndiyo mwisho! Unajua maana ya mwisho?"

"Mwalimu," Auleria alisema, na machozi yanamtiririka, waya kaushika ngumini, "ukisema neno jingine nitakitia hiki kisanduku mtaroni, na wewe juu yake. Kaa."

Mwalimu akakaa. Na kwenye lile tundu la waya, ambalo Brightson alilitoboa kubwa kuliko ilivyohitajika, sauti ya Bi Mwanakombo ikaja.

Ilianza kwa salamu, ndefu, za kipwani, huku kadi ya mtoto ikiungua. Twaha akatolewa habari za ulimwengu mzima. Mauwa kaolewa Kipawa, ndiyo, yule yule Mauwa, na mwanamume mwenye gari. Mvua zilikuwa za kutosha. Umekula, baba? Umekula nini? Uko na nani hapo? Mwite, mwambie asogee. Umekaa? Kaa, mwanangu. Hapana, kaa kwanza ndiyo nikwambie.

Hata Mwalimu Revelian alikuwa ameacha kutikisa mguu.

"Baba yako, Twaha... presha ile ilimsumbua."

Akamwacha kidogo, kama alivyopanga. Auleria alishika ule waya kwa mikono miwili. Hakuweza kumsikia Twaha, lakini alimsikia mama akimsikia. "Eeh," Bi Mwanakombo akasema. "Eeh, mwanangu. Eeh. Msikitini, akitoa viatu. Hakuumwa, hakuteseka. Mola wake kamchukua kwa upole. Lia. Lia, mie nipo hapa, siondoki. Huyo mwenzako mwambie akushike bega. Amekushika? Alhamdulillahi. Lia, baba."

Waliongea mpaka kadi ikaisha. Faili la mwalimu lilijikokota kwenye laini moja kama mgonjwa anayetembezwa wodini, likafika au halikufika, mwenyewe aliondoka bila kuaga. Auleria akanawa uso kwenye ndoo. Alikuwa anajitengenezea sababu ya kutokwenda uani, lakini Somoe akamjia mlangoni, macho mekundu.

"Dada anakuita."

Bi Mwanakombo alikuwa bado ameketi karibu na kabati, mkono juu ya simu iliyokwisha kunyamaza. Uso wake ulikuwa umelegea, umepata amani ambayo Auleria hakuiona tangu siku ya mazishi. Akampigia mkeka kwa kiganja, akae karibu.

"Amelia, Auleria. Amelia kama mtoto mdogo. 'Baba,' akasema hivyo, basi, kisha akalia."

"Pole, mama."

Auleria alijua kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Yule kijana alidhani ameshamlilia baba yake, akakuta bado, mpaka alipoambiwa na mama.

"Sasa nikwambie kitu," Bi Mwanakombo akasema, akimshika mkono, mkono wa Auleria uliokuwa na wino kwenye kucha. "Nilikuwa naogopa. Sikumwambia mtu, hata Somoe. Usiku nilikuwa nawaza, midomo ni mingi, pengine mtu baki ameshamwambia, kwa haraka tu, njiani, kama anayetupa maji machafu. Moyo ulikuwa hautulii. Leo nimetulia. Kayasikia kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye uliyeipokea ukaniita. Angekuwa mwingine angesema huyu mwanamume, yuko eda, akakata. Mungu akulipe, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukukalisha chini siku yako ikifika."

Auleria aliitikia amina, akainamisha uso. Bi Mwanakombo akadhani ni uchovu, akamwambia aende akafunge duka, leo amefanya kazi ya kutosha.